Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nembo ya taifa: hesabu ya vilivyochorwa iko wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya nembo za taifa,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Naamini mmeitikia, basi niingie kwenye mada.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rombo, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kati ya mambo ninayofundisha ni alama za taifa: bendera, wimbo, mwenge, twiga, na nembo yenyewe. Watoto huipenda nembo kwa kuwa ina mengi ya kutazama. Ngao imesimama juu ya mlima. Upande mmoja mwanamume, upande wa pili mwanamke, kila mmoja kashika pembe ya ndovu, na miguuni pao karafuu na pamba. Ndani ya ngao kuna mwenge, bendera, mkuki, jembe na shoka, na chini kabisa mawimbi ya maji. Ukiwaondoa watu, ukaondoa zana, mwenge na bendera, unabaki na mlima, ndovu, mimea miwili na maji. Hivyo ndivyo waasisi wetu walivyochagua kutambulishwa.

Picha hiyo inalindwa vizuri. Ipo Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971, na mtu haruhusiwi kuichukua nembo akaibandika kwenye bidhaa zake anavyojisikia. Mpigachapa Mkuu wa Serikali naye hukumbusha ofisi za umma kutumia nembo iliyo sahihi, maana mitaani zimezagaa zilizokosewa rangi na hata michoro. Sina ugomvi na hayo. Hata mwaka 2017, Mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, alipofariki Muhimbili baada ya kukutwa Buguruni akiishi kwa dhiki, nchi nzima ilijadili nani hasa aliichora nembo. Mzee alisema ni yeye. Wengine wakataja wachoraji wengine. Ulikuwa mjadala mzuri. Nilichokisubiri mimi ni mtu wa kuuliza habari za vitu vilivyochorwa: vinaendeleaje? Sikumsikia.

Nianze na pembe, kwa sababu ndizo zinazoniuma zaidi.

Mwaka 1898, kwenye miteremko ya mlima huu huu, aliuawa tembo dume mwenye meno makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa. Kila jino lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita tatu na uzito wa karibu kilo 100. Yakateremshwa pwani, yakauzwa Unguja, na leo yako London kwenye jumba la makumbusho la viumbe. Wanafunzi wangu wanachora kila mwaka mlima na pembe mbili. Mlima wanauona dirishani, na pembe zenyewe za mlima huo ziko Uingereza. Wala tusizisafishe zaidi ya zilivyo. Pembe zilizopita Tabora na Bagamoyo enzi za misafara zilibebwa mabegani mwa watu, baadhi yao watumwa, na yule dume wa 1898 inasimuliwa kwamba aliyemfyatulia risasi alikuwa mtumwa wa mfanyabiashara. Waasisi waliijua historia hiyo, na bado walizitoa pembe sokoni wakaziweka mikononi mwa mwanamume na mwanamke walio huru. Mimi naona walifanya jambo kubwa.

Na walikuwa na msimamo. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori (msilichanganye na Azimio la Arusha la 1967, wanafunzi huchanganya, na watu wazima pia). Nchi ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 hadi 1978. Ujangili ulipozidi, 1989 ikaja Operesheni Uhai, na mwaka huo huo Tanzania ndiyo iliyopeleka pendekezo la kupiga marufuku biashara ya meno ya tembo duniani, likapita. Tulisimama mbele, wengine wakafuata.

Halafu tukalala. Sensa ya 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000 nchini. Ya 2014 ikakuta kama 43,000. Ndani ya miaka mitano tukapoteza zaidi ya nusu. Pori la Akiba la Selous pekee, ambalo miaka ya 1970 lilikuwa na tembo zaidi ya laki moja, mwaka 2013 lilibaki na kama 13,000, na mwaka uliofuata UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ndiyo ile miaka ambayo, Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya mia, wakiwemo twiga wanne, walipandishwa ndege pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) wakapelekwa Qatar. Twiga, mnyama wa taifa, na shingo yake yote ile, akapita uwanja wa ndege bila kuonekana! Utani huo bado unasemwa mitaani, na mnastahili kuusikia.

Nawapongeza kwa yaliyofuata. Hukumu ya Mahakama ya Kisutu ya Februari 2019 dhidi ya yule mama raia wa China aliyeitwa Malkia wa Meno ya Tembo ilionyesha kwamba mkubwa naye hufungwa. Idadi ya tembo imeanza kupanda na sasa imevuka 60,000. Lakini mkumbuke pia Operesheni Tokomeza ya 2013, ya kupambana na ujangili: wananchi waliteswa, mali zikaharibiwa, mawaziri wanne wakaondolewa Desemba ile. Hatuwezi kumlinda ndovu wa kwenye nembo kwa kumpiga mwanamume na mwanamke wa kwenye nembo. Yeyote atakayeandaa operesheni nyingine aanze kwa kusoma ripoti ya Bunge kuhusu operesheni ile.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike mwaka huu badala ya kungoja mwakani.

Kati ya Septemba 2023 na mwanzoni mwa 2024, tembo dume wakubwa wasiopungua watano waliuawa kwa uwindaji wa kitalii upande wetu wa mpaka, eneo la Enduimet, wilayani Longido. Baadhi yao walikuwa na meno ya kilo 45 au zaidi kila jino. Ni tembo wa kundi moja linaloishi Amboseli, Kenya, na kuvuka kuja miguuni pa Kilimanjaro kupitia ushoroba wa Kitendeni, tembo ambao wamefuatiliwa na watafiti tangu 1972, mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo. Kwa karibu miaka 30 kulikuwa na maelewano kati ya nchi hizi mbili, yasiyoandikwa popote, kwamba madume wa mpakani hawapigwi. Maelewano ya mdomo hufa wakubwa wanapobadilishana ofisi, na haya yamekufa hivyo.

Najua majibu. Uwindaji ulikuwa halali, leseni zilikuwepo, na vijiji vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet hupata mgawo wake. Yote ni kweli, na kijiji kinachotegemea mgawo huo kujenga darasa siwezi kukidharau; darasa langu mwenyewe linavuja. Lakini tusiangalie leseni tu. Dume mwenye meno kama yale ana umri wa miaka arobaini hivi. Ndiye anayepandisha majike kuliko vijana, na ndiye anayewatuliza madume wadogo wanaoanza ukorofi. Ukimtoa, humpati mwingine kesho. Unangoja miaka arobaini. Na meno ni suala la kurithi. Kule Gorongosa, Msumbiji, baada ya vita vya 1977 hadi 1992 ambapo wenye meno waliuawa kwa wingi, majike wasio na meno waliongezeka kutoka chini ya mmoja kati ya watano hadi karibu nusu. Hizo ni takwimu za watafiti, zimechapishwa mwaka 2021. Tukiendelea kuchagua wenye meno marefu, tutabaki na nembo yenye kitu ambacho tembo wetu hawana.

Majirani wana mfano ambao si aibu kuuiga. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda tembo mmoja, Ahmed wa Marsabit, aliyekuwa na meno yanayokaribia kugusa ardhi. Alilindwa usiku na mchana hadi akafa kifo cha kawaida mwaka 1974, na sanamu yake ipo makumbusho ya Nairobi. Kama tembo mmoja aliweza kupewa amri ya rais, hawa wachache waliobaki mpakani wanaweza kupewa waraka wa waziri.

Nikisema hivyo, wazazi wa huku watanizomea, na wana haki. Familia nyingi za Rombo zina kihamba, yaani shamba la nyumbani, mlimani na shamba la mahindi na maharage huku chini tambarare, na tembo hutoka Tsavo na Amboseli kuja kula sawasawa na kalenda yetu: mahindi yakianza kukauka, wamefika. Baba wa mwanafunzi wangu hulala dunguni kuanzia mahindi yanapotoa mbelewele, na tochi, debe la kupiga, na tofali la kinyesi cha tembo lililokandwa na pilipili, ambalo huliwasha moshi ukapeperuka kuelekea porini. Moshi ule unawasha macho hata ya mwenye shamba. Wakati mwingine unasaidia. Wakati mwingine asubuhi unakuta nyayo kubwa kama sinia, mabua yamelala upande mmoja, na mtoto haji shule siku hiyo kwa sababu wote wanaokota yaliyobaki. Halafu inaanza safari ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoliwa: mtendaji wa kijiji, picha, fomu, afisa wanyamapori aje apime ekari, na kungoja. Fedha ikija, msimu mwingine umeshapandwa. Mkitaka tumpende ndovu wa kwenye nembo, lipeni kabla ya mvua inayofuata.

Mlima nao.

Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Mita 5,895. Mwaka 1912 barafu ya juu ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa 2011 zilikuwa hazifiki mbili. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba ifikapo 2050 itakuwa imekwisha. Hapa siwalaumu peke yenu, moshi ulioyeyusha barafu ile haukutoka Rombo wala Dodoma. Mtoto wa darasa la tano aliniuliza kama ikiisha nembo itabadilishwa. Nikamwambia nitawauliza wakubwa. Nimewauliza.

Ila kuna kitu tunachokosea wote, nacho ni kulilia theluji peke yake. Maji tunayokunywa hayategemei sana barafu, yanatoka msituni. Ukanda wa juu wa msitu, wenye miti mifupi iliyovaa ndevu za kuvumwani, unanasa ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone, mwaka mzima. Kutoka huko ndiko inakolishwa mifongo, ile mifereji ya Wachagga, na mito inayoshuka hadi Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Moto ndio unaoula ukanda huo. Oktoba 2020 ulizuka moto uliounguza zaidi ya kilomita za mraba 95 za uoto. Mamia ya watu walipanda kuuzima, askari wa hifadhi, wanavijiji, wanafunzi, wengi wakiwa na matawi ya miti na mapanga mikononi. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena. Mwaka huo huo wa 2022 tulitangaziwa kwamba intaneti ya kasi imefika Horombo, mita 3,720. Ni jambo jema, mgeni atume picha. Lakini kama waya unafika Horombo, vifaa vya kuzimia moto, njia za kuzuia moto zilizofyekwa kabla ya Septemba, na posho ya vijana wa vijiji waliofunzwa vinashindwaje kufika?

Mwaka 2005 hifadhi ilipanuliwa ikachukua msitu wote, na huo ndio ugomvi wetu wa miaka na Nusu Maili, ule ukanda wa msitu ambao bibi zetu waliokota kuni na kukata majani ya ng'ombe. Mama akikamatwa na mzigo wa majani anaonekana mhalifu. Moto ukiwaka, anaitwa mwananchi mzalendo apande kuuzima. Kaeni na wanavijiji mkubaliane lini, wapi na nini kinaruhusiwa, kwa maandishi, kwa sababu mtu hulinda kwa bidii kitu ambacho kina faida kwake.

Karafuu nazijua kwa kusoma na kwa harufu tu, mimi mtu wa bara. Lakini naona wenzetu wa Zanzibar wamefanya kitu ambacho bara hatujafanya. Zao lile liliingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, likapandwa kwa jasho la watumwa, kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo ghala. Kwa miaka mingi mkulima wa Pemba alilipwa kidogo na serikali yake, na karafuu zikavuka usiku kwa magendo kwenda Kenya. Bei ilipopandishwa, mkulima akapewa sehemu kubwa ya bei ya soko la dunia, magendo yakapungua. Ikatungwa sheria ya maendeleo ya karafuu mwaka 2014, miche ikagawiwa. Hata makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanakamuliwa mafuta Wawi, Pemba. Matatizo hayajaisha, mikarafuu mingi imezeeka na wachumaji bado wanaanguka mitini. Lakini ukiuliza hali ya karafuu, yupo wa kukujibu.

Pamba sitaikawiza. Sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa haijasokotwa, na mkulima wa Simiyu na Shinyanga hununua kitenge kilichotoka nje. Hilo wanalijua wabunge wa Kanda ya Ziwa kuliko mimi.

Mawimbi ya chini ya ngao yana habari njema kidogo. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kwa kusimamisha uvuvi, ili migebuka na dagaa wazaliane, na nchi nyingine zenye ziwa zilihusika. Wavuvi wa Kigoma walipata taabu miezi ile, na msaada kwao ungeweza kuwa mkubwa zaidi. Lakini limefanyika, kwa makubaliano ya kuvuka mipaka, kwa tarehe zinazojulikana. Nalitaja kwa sababu hata tembo wa Enduimet wanahitaji makubaliano ya namna hiyo hiyo: nchi mbili, karatasi moja, tarehe ya kuanza.

Ombi langu, waheshimiwa, ni dogo kuliko barua yenyewe. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hutuambia fedha zilivyotumika na zilivyoliwa, na nchi nzima hukaa kimya ikisikiliza. Nataka Bunge lipokee pia Taarifa ya Hali ya Nembo, kila mwaka, wakati wa bajeti ya Maliasili. Isiwe kitabu. Kurasa kumi zinatosha: tembo wangapi, na kati yao madume wenye meno makubwa wangapi, msitu wa Kilimanjaro umeungua kiasi gani na umeota kiasi gani, mito ya mlima inatoa maji kiasi gani wakati wa kiangazi, mikarafuu mipya mingapi imepona, pamba kiasi gani imesokotwa nchini, maziwa yana samaki kiasi gani. Kifuta jasho kilichodaiwa na kilicholipwa, tarehe kwa tarehe. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, itumwe mashuleni, ili nikifundisha nembo niwe nayo mezani. Ibara ya 27 ya Katiba inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali asilia ya Jamhuri ya Muungano. Wajibu huo siwezi kuutimiza nikiwa sijui kilichobaki.

Kwa tembo wa mpakani siombi taarifa, naomba waraka, na uje kabla ya msimu ujao wa uwindaji, unaoanza Julai. Vijiji vya Enduimet vifidiwe mgawo vitakaoukosa. Watalii wanaolipa kumtazama dume yule yule mara elfu ni wengi kuliko anayelipa kumuua mara moja, na wizara ina wataalamu wa kupiga hesabu hiyo.

Anwani yangu mtaipata kwa afisa elimu wa wilaya. Mkijibu kwa barua, itumeni kwa ofisi ya mtendaji wa kata, kwa sababu sanduku la posta la shule tulishindwa kulilipia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Rombo, Kilimanjaro.